Maswali ya Wasomaji: Maji ya Kupoza Injini kwenye Boti ya Jeti

SWALI: Fundi, shikamoo. Ninakuandikia kutoka Nansio, Ukerewe. Mwaka jana mimi na kaka yangu tulinunua boti ya faiba ya futi 18 iliyokwisha kutumika, inayosukumwa na pampu ya jeti badala ya propela, kwa sababu propela ya mashine yetu ya zamani ilikuwa ikinasa nyavu karibu kila safari. Tunakusudia kuitumia kupeleka wageni na wagonjwa kati ya Nansio na visiwa vya jirani. Injini iliyokuja nayo ilikuwa imekufa, tukafunga nyingine ya petroli, Chevrolet ya silinda 8 yenye ujazo wa lita 5.7, na fundi wa magari akatuunganishia maji. Alitoa wota pampu, akachukua maji kwenye tundu la pampu ya jeti kwa mpira wa inchi moja, akayaingiza mbele ya bloku, yaani mwili wa injini, bila koki yoyote. Yakitoka juu ya injini hupita kwenye manifoldi za moshi, yaani vyuma vinavyokusanya moshi wa silinda, na kumwagika ubavuni kwa mpira mmoja wa nusu inchi. Tukienda polepole, mshale wa joto hauvuki nyuzi 45. Tukikimbia, mipira inavimba, na wiki mbili zilizopita mmoja ulichomoka tukiwa katikati ya maji, boti ikaanza kujaa. Sasa oili imegeuka rangi kama chai ya maziwa. Fundi anashauri tuweke koki kwenye njia ya kutokea maji ili injini ipate joto. Je, tumkubalie?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Koki hiyo msiiweke, na boti msiiingize majini tena mpaka mabadiliko nitakayoeleza yawe yamekamilika. Baridi ya injini, kuvimba kwa mipira na kuharibika kwa oili mnaviona kama matatizo matatu, lakini kwa maelezo yako chanzo chake ni kimoja: maji yanaingia bila kizuizi na yanatoka kwa taabu. Inatakiwa iwe kinyume chake.

Fundi wenu amezoea gari, na katika gari maji ni yale yale yanayozunguka kutoka kwenye rejeta hadi kwenye injini na kurudi, huku mfuniko wa rejeta ukiachia presha inapofika pauni 13 hadi 16 kwa inchi ya mraba, kipimo ambacho geji huandika PSI. Gasketi, mipira na plagi za bloku ya injini yenu zilitengenezwa kwa presha ya kiasi hicho. Boti yenu haina rejeta. Maji mapya ya ziwa huingia kila sekunde, hupita mara moja na kutupwa nje, na kinachoyasukuma ni pampu ile ile inayoisukuma boti yenyewe. Pampu hiyo imeshikana na injini moja kwa moja kwa shafti, na presha yake hupanda kwa mraba wa mizunguko: mizunguko ikiongezeka mara 2, presha huongezeka mara 4, mizunguko ikiongezeka mara 4, presha huongezeka mara 16. Kwa hesabu hiyo, pampu inayotoa PSI 5 injini ikiwa kwenye mizunguko 1,000 kwa dakika itatoa PSI 80 kwenye mizunguko 4,000, na injini zenye nguvu zaidi huvusha PSI 100. Mpira uliochomoka haukuwa mbovu. Ulikuwa unabebeshwa mzigo usio wake.

Sasa, kuhusu koki. Mahali inapowekwa ndipo ilipo kesi yote. Chukua mpira wa kumwagilia bustani, fungua bomba robo tu, kisha ziba mdomo wa mpira kwa kidole gumba. Mwanzoni utahisi msukumo mdogo, lakini baada ya muda mfupi mpira utakuwa mgumu kama vile bomba limefunguliwa lote. Koki iliyofunguliwa robo hupunguza presha wakati maji yanapita. Maji yakisimama, presha ya upande wa pili hupanda mpaka ilingane na ya upande wa kwanza. Kwa hiyo koki iliyo kwenye njia ya kuingilia huilinda injini kwa sharti moja tu, kwamba maji yanaendelea kutoka kwa uhuru upande mwingine. Ukiibana njia ya kutokea, kama fundi anavyoshauri, utapata joto ulilotaka ukienda polepole, lakini siku utakapokanyaga mafuta, bloku yote itapokea presha kamili ya pampu, na hapo hakuna gasketi itakayostahimili.

Ninaomba mlizingatie hili kwa sababu nililitenda mwenyewe. Boti ya kwanza ya jeti niliyoiunganisha, miaka mingi iliyopita huko Igombe, ilikuwa na injini iliyokuwa baridi kama yenu, nami nikabana maji kwenye njia ya kutokea, nikaridhika nilipoona mshale unapanda. Siku ya kwanza ya safari ndefu gasketi ya silinda hedi ilipasuka, na watu 5 walikaa juani saa nyingi mpaka mtumbwi wa dagaa ulipowafunga kamba na kuwavuta. Mwenye boti alinisamehe, lakini abiria wale nawakumbuka kila ninaposhika koki.

Mpangilio ninaoupendekeza unaanzia kwenye tundu la pampu ya jeti. Tundu hilo liko chini ya mstari wa maji au karibu nao, hivyo hata injini ikiwa imezimwa mpira ukikatika hapo ziwa lote lina njia ya kuingia kwenye ngama. Fungeni koki ya kufungia papo hapo kwenye pampu, kabla ya mpira wowote, iwe ya shaba nyeusi au chuma kisichoshika kutu, na iwe mahali ambapo mkono wa nahodha utaifikia bila kuhitaji spana. Baada ya koki hiyo kuwe na chujio la mchanga lenye mfuniko unaofunguka, na baada ya chujio ndipo iwekwe geti valvu ya kurekebishia, ambayo ndiyo itakayoamua kiasi cha maji. Kutoka kwenye pampu hadi kwenye geti valvu msitumie mpira wa rejeta kamwe, maana kipande hicho hubeba presha yote; tumieni mpira mzito wenye nyuzi ndani, uliopigwa chapa ya kiwango cha presha kinachozidi ile ya pampu, na kila mwisho uwe na klipu mbili. Baada ya geti valvu tieni valvu ya kuachia presha, ile inayofunguka yenyewe, ikiwa imetegwa kwenye PSI 20 hivi na mdomo wake ukielekezwa nje ya boti. Kuna mafundi wanaoiona kuwa ni gharama ya ziada. Mimi siunganishi boti ya abiria bila hiyo, kwa sababu geti valvu inaweza kuguswa na mtoto au kulegezwa na mtetemo, na valvu ya kuachia haihitaji kumbukumbu ya mtu yeyote.

Kutoka hapo gawanyeni maji kwa tii, kiungo chenye midomo mitatu, kwenda kwenye manifoldi za moshi, zote mbili, kabla hayajafika kwenye bloku. Fundi wenu amelifanya hili kinyume: ameyapeleka maji ya ziwa kwenye bloku kwanza. Maji ya ziwa letu huwa na nyuzi 24 hadi 27, na yakiingia ghafla kwenye chuma cha kutupwa chenye moto, chuma hicho husinyaa upande mmoja kabla ya mwingine, na ufa wa bloku huanza hivyo. Yakipita kwanza kwenye manifoldi, ambazo ndizo sehemu zenye moto mkali zaidi, yatafika kwenye bloku yakiwa yameshapata uvuguvugu. Yaingizeni kwenye kila manifoldi kwa chini na yatoke kwa juu, ili hewa isibaki imejifungia ndani, kisha kila upande upeleke mpira wake mbele ya bloku, kwenye matundu mawili yaliyoachwa na wota pampu. Matundu hayo yazibwe kwa vibati vya chuma vyenye gasketi na kichwa cha kuvalishia mpira. Ndani ya injini maji yatapanda yenyewe kupitia bloku na silinda hedi hadi kwenye nyumba ya themostati (valvu inayojifungua maji yakipata joto) juu ya manifoldi ya hewa, ambako ndiko juu kabisa, na hapo ndipo pa kutolea.

Njia ya kutokea iwe pana kuliko ya kuingilia. Ule mpira mmoja wa nusu inchi uondoeni leo. Kama mnaingiza kwa mpira wa robo tatu ya inchi, toeni kwa mipira miwili ya inchi moja, isiyo na koki, isiyopinda kwa ukali na isiyokanyagwa na kiti wala tangi la mafuta. Mmoja mwageni ubavuni, mahali ambapo nahodha ataona maji yanatoka bila kuinuka. Jicho la nahodha linapokosa kuyaona maji yale, huwa limetangulia geji kwa dakika kadhaa. Ikiwa bomba lenu la moshi lina kipande cha mpira, mwingine uelekezwe humo, kwa sababu mpira wa moshi usiopata maji huungua, na boti ya faiba haichelewi kushika moto. Maji hayo yaingie kwenye bomba la moshi baada ya kona yake ya juu, pakiwa pameinuka angalau sentimita 30 juu ya mstari wa maji, na kuanzia hapo bomba literemke kuelekea tezi. Likiwa na bonde katikati, maji yatarudi nyuma na kuingia kwenye silinda.

Ninajua swali mlilobaki nalo: joto litapatikanaje? Litapatikana kwa themostati, lakini si kwa kuirudisha kama ilivyokuwa garini. Katika gari themostati ikijifunga, wota pampu huendelea kuyazungusha maji ndani ya bloku. Ninyi hamna wota pampu. Themostati ikijifunga kabisa, maji husimama, manifoldi huchemka, na presha ya pampu yote hukusanyika kwenye injini kwa kanuni ile ile ya kidole gumba. Tafuteni nyumba ya themostati yenye njia ya pembeni, ambayo maji yanayotoka kwenye manifoldi hupitia kwenda nje wakati injini bado baridi. Mkiikosa, anzeni bila themostati na mrekebishe kwa geti valvu peke yake. Injini itakuwa baridi kidogo kuliko inavyopenda, lakini itakuwa salama.

Kiwango cha joto nacho kina maelezo yake. Mtaona katika vijitabu vya boti za baharini onyo la kutovuka nyuzi 60 hivi, kwa sababu juu ya hapo chumvi huganda kwenye njia za maji. Ziwa Victoria halina chumvi ya bahari, hivyo nyuzi 65 hadi 75 ni mahali pazuri pa injini yenu. Lakini kumbukeni pia kwamba tuko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huu maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 96 wala hayangoji 100. Mshale ukifika 85, punguzeni mwendo. Vijitabu hivyo hivyo vina kurasa nyingi za kumwaga maji yote kabla ya majira ya baridi ili bloku isipasuliwe na barafu. Teknolojia yenyewe ilikomazwa New Zealand katika miaka ya 1950 na Bill Hamilton, aliyetaka boti ya kupita kwenye mito ya kina kifupi iliyojaa mawe, na barafu kwao ni jambo la kweli. Sisi kurasa hizo tunaziruka. Tunachopaswa kukifanya badala yake ni kufungua plagi za chini za bloku mara kwa mara na kutoa tope na mchanga, maana vikijaa kuzizunguka silinda, sehemu hiyo hupata moto bila geji kujua.

Kuhusu oili, kuna mambo mawili yanayoigeuza kuwa kama chai ya maziwa, na ni lazima myatenganishe. Injini inayofanya kazi kwenye nyuzi 45 haikaushi unyevu. Mvuke hugeuka maji ndani ya kata ya oili, na petroli isiyoungua hushuka pamoja nao. Hiyo ndiyo hali nyepesi. Hali nzito ni kwamba presha imekwisha kupasua gasketi ya silinda hedi au ile ya manifoldi ya hewa, ambayo katika Chevrolet hii ina njia za maji kwenye pembe zake. Kabla ya kumwaga oili, zibeni njia zote za maji, jazeni mfumo maji, pampeni kwa mkono hadi PSI 15 na mwache dakika 15. Mshale wa presha ukisimama, mwageni oili, badilisheni na chujio lake, endesheni kwa muda mfupi na kubadilisha tena. Ukishuka wakati hakuna mpira unaovuja nje, maji yanakwenda ndani, na hedi itabidi ifunguliwe. Ninawaombea iwe hali ya kwanza, ingawa baada ya mipira kuvimba kiasi hicho sitashangaa ikiwa ya pili.

Mkishamaliza, kazi ya kurekebisha ifanyike mbele ya geji mbili, ya joto na ya presha, zote zikisoma maji yaliyokwisha kuingia kwenye injini. Fungueni geti valvu nusu, muache injini iungurume polepole mkiwa mmefungwa gatini mpaka joto litulie. Kisha mwende kwenye maji mapana, mpandishe mizunguko hatua kwa hatua huku mmoja wenu akitazama presha tu. Ikikaribia PSI 15 kabla hamjafika mwendo wa juu, punguzeni geti valvu kidogo na kuanza upya. Kazi hii inaweza kuchukua asubuhi nzima, na inastahili. Mkipata mahali ambapo injini haichemki polepole wala presha haivuki 15 mwendo wa juu, toeni mkono wa valvu na kuufunga kwa waya. Na kwa kuwa mtabeba wagonjwa na wageni, mwonyesheni mkaguzi wa TASAC, shirika linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, mabadiliko hayo kabla ya safari ya kwanza ya abiria.

SWALI: Fundi, mimi ni nahodha upande wa Sengerema. Boti yangu ya jeti haina tatizo la joto siku nyingi, ila nikipita kwenye gugu maji, hasa wakati upepo umelisukuma karibu na Kamanga, mshale hupanda ghafla na boti hupoteza nguvu. Je, themostati imekufa?

JIBU: Themostati ni nzima. Gugu maji limeziba wavu wa chini ambako pampu huvuta maji, na pampu isiyopata maji hukosa nguvu ya kusukuma boti na hukosa pia presha ya kupoza injini; ndiyo maana mambo hayo mawili hukupata kwa wakati mmoja. Usijaribu kuling'oa kwa kuongeza mafuta, maana mvuto huzidi kulibana. Zima injini kabisa kwa dakika moja au mbili. Mvuto ukikoma, majani mengi hudondoka yenyewe. Likibaki, tumia fito au mkono kupitia tundu la kukagulia la pampu, ufunguo wa injini ukiwa mfukoni mwako wewe mwenyewe unayeingiza mkono. Kisha fungua chujio la maji ya kupoza, kwa sababu nyuzi za mizizi hupita kwenye wavu na kukamatwa humo, na mshale unaweza kubaki juu hata baada ya boti kurudisha nguvu.

SWALI: Niko Igogo, Mwanza. Mipira ya boti ni ghali. Je, ninaweza kutumia mabomba ya plastiki ya majumbani kwa njia za maji ya injini?

JIBU: Hapana, kijana wangu. Bomba la plastiki gumu la gundi hulainika kwa joto la injini, na mtetemo huvunja maungio yake. Ukitaka kupunguza gharama, nunua mpira mzito kwa kipande cha kutoka pampu hadi geti valvu, na mpira mzuri wa rejeta kwa vipande vilivyobaki.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mama mwenye boti Musoma. Vijana wangu huwasha injini ya boti ya jeti nchi kavu ili kuijaribu, wakiunganisha bomba la nyumbani kwenye njia ya maji ya injini. Juzi baada ya kuijaribu ilikataa kuwaka tena, na plagi zilipofunguliwa maji yaliruka. Tumeharibu nini?

JIBU: Marahaba, mama. Inawezekana bado hamjaharibu chochote, mkiwahi. Vijana walifungua bomba kabla injini haijawaka, au waliliacha wazi baada ya kuizima. Maji yale yanatokea kwenye bomba la moshi, na moshi ndio unaoyasukuma nje. Injini ikiwa imesimama hakuna wa kuyasukuma, hivyo hujaa na kurudi kwenye silinda kupitia valvu za moshi zilizo wazi. Wasilazimishe stata, kwa kuwa maji hayabanwi na yanaweza kupinda koni rodi. Watoe plagi zote, waizungushe injini mpaka maji yaishe, wadondoshee oili kidogo kwenye kila silinda, waizungushe tena, wabadilishe oili ya injini, na waiwashe siku hiyo hiyo kabla kutu haijashika.

Kwa majaribio yajayo, waiwashe injini kwanza, na ikishashika ndipo wafungue bomba kiasi. Jaribio lisizidi dakika chache, kwa sababu pampu ya jeti nayo inazunguka kavu na mpira wa kuzuia maji kwenye shafti yake unapata moto. Wakimaliza, wafunge bomba la nyumbani kwanza, waiache injini iteme maji yaliyobaki kwa sekunde chache, ndipo waizime.